Fundi Timazi, Godoro la Sponji na Nailoni Iliyojaa Upepo

MAELEZO YA SHAHIDI

Umri: miaka 24. Kazi: mhitimu wa shahada ya tiba ya viungo, niko katika mafunzo kazini kwenye zahanati. Makazi: chumba cha uani, nyuma ya soko la mitumba.

Nimefika kituoni kwa hiari yangu kueleza kwamba fundi rangi anayeitwa Timazi, anayeshikiliwa hapa kwa tuhuma za kulewa kazini na kumjeruhi mwenzake, hakuwa amelewa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa mlangoni mwa ukumbi wa mazoezi wa zahanati yetu. Fundi alikuwa juu ya jukwaa akipulizia dari rangi. Kama wafanyavyo mafundi hao, alikuwa amelizungushia jukwaa nailoni nyeupe ili rangi isirukie mashine, akaacha upenyo upande wa mlango tu. Juu ya mbao za jukwaa alitandika godoro la sponji la kupigia magoti. Shemeji yake alikuwa chini, ameshika ngazi.

Harufu ya tina ya kuyeyushia rangi ilipozidi, msimamizi wa kazi aliamuru dirisha lifunguliwe. Wakati huo fundi alikuwa amesimama juu ya godoro ili aifikie kona. Upepo uliingia, nailoni yote ikavimba na kumwendea kwa pamoja. Nilimwona akijitupa nyuma kama mtu anayekwepa gari. Alidaka bomba la jukwaa, lakini mguu wake uliisukuma ndoo ya rangi, ikamwangukia shemeji yake begani.

Shemeji, akiwa ameketi katikati ya rangi, alisema, "Kama umechoka nami pale nyumbani, shemeji, si ungesema tu?" Baadaye ilibainika mfupa umevunjika.

Msimamizi aliuliza, "Mzee, asubuhi yote hii umeshapiga mtungi?"

"Bosi, ukuta ulinijia."

"Ukuta una miguu?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu fundi alisema kweli kama mwili wake ulivyoipokea. Mwili hujijua umesimama wima kwa kulinganisha taarifa za macho, za nyayo na viungo, na za sikio la ndani. Godoro lilizifumba nyayo. Nailoni iliyadanganya macho. Lilibaki sikio.

Nilimsimamisha sakafuni, miguu pamoja, macho yamefumbwa: alitulia. Mlevi angeyumba hapo hapo. Nikamsimamisha juu ya godoro lile lile, tukiwa chini, macho wazi: alitulia. Alipoyafumba, aliniangukia mikononi. Nilipomhoji alisema mwaka jana alilazwa akachomwa sindano kali kwa siku nyingi, na tangu hapo gizani hutembea akipapasa ukuta. Dawa za namna hiyo zinaweza kuliharibu sikio la ndani.

Muda wote huo aliniuliza jambo moja tu: kama shemeji yake ataweza tena kuinua brashi.

Nimeulizwa na ofisa kama naweza kuthibitisha ninayoyasema. Naweza. Mtu yeyote mzima akisimama juu ya godoro lile, nailoni ikimvimbia mbele, atayumba. Hataanguka, kwa kuwa masikio yake yatamwokoa.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nayasimamia yote.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami, koplo wa zamu. Msimamizi, aliyekuwapo kituoni, amesema yeye anaweza kusimama hapo "kutwa nzima na kikombe cha chai mkononi." Nimemkubalia. Godoro litalazwa sakafuni, nailoni itatundikwa, dirisha litafunguliwa. Mtuhumiwa ataletwa, ila msimamizi ndiye atakayesimama kwanza. Tukutane ukumbini Alhamisi, saa tatu asubuhi.