Moshi Wangu na Moshi wa Kiwanda

Jumanne, mawingu yamejaa

Eti nikaombe kibali cha kuchoma vyungu! Mama yangu alichomea hapa hapa kabla kiwanda cha kusindika magome ya miti ya miwati hakijajengwa.

Bwana afya alinikuta napanga kuni juu ya vyungu. "Mama, moshi wako unachafua hewa ya mji. Bila kibali huwashi."

Nikamwuliza, "Na dohani ya kiwanda, inayofuka kutwa kucha, kibali chake kiko wapi?"

"Kile ni kiwanda, mama. Hakihitaji."

"Kumbe anayechafua kidogo ndiye anayeulizwa!"

Jirani yangu, mama Tumaini, alicheka mpaka akashika kiuno. Bwana afya akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Naogopa, sijidanganyi. Wakinifunga, nani atamlea mwanangu Atu, ambaye hukohoa kila upepo ukitoka kiwandani? Lakini mvua ikivikuta vyungu vibichi vitarudi kuwa udongo, na kazi yangu yote...

Hapana. Kesho nawasha. Mama Tumaini na wenzake wanaleta vyungu vyao, tuvirundike kwenye moto mmoja kama zamani. Bwana afya akija, atuoneshe moshi wangu ni upi.