Mshauri Wangu Hayupo, na Vijana Wanangoja Neno

Kiprono ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya jiko, mahali ambapo mke wangu hatanikuta akaniuliza naandika nini. Nikimwambia namwandikia mtu tuliyemzika Januari, ataita mchungaji. Lakini nimebanwa. Kila ninayeweza kumuuliza ana upande wake katika jambo hili, na hata wewe unao, kwa sababu linamhusu Esther, mke wako.

Nianze na habari za kwako. Ng'ombe wako mweusi alizaa ndama wa kike. Mtoto wenu wa mwisho anatembea sasa, anaanguka kila mahali na hataki kushikwa mkono. Lori la kiwanda bado linakuja linapotaka, na majani yetu ya chai yanaharibikia kituoni kama siku zako. Ndiyo maana tulikaa kwenye kokwet, majirani wote, tukakubaliana hakuna mtu kuchuma mpaka lori lije kwa wakati. Mimi kama mwenyekiti wa kituo ndiye niliyetangaza. Chai imekua mpaka kifuani na kiwanda hakijatuma hata mtu wa kutusalimia.

Esther amechuma. Alikuwa akitoka alfajiri na kikapu, anavuka mto, anauzia kituo cha upande wa kaka yake. Vijana wamemwona. Jana walikuja kituoni wakiwa wengi, wanataka kukata chai yake yote kutoka shinani ili iwe funzo. Kibet, yule uliyemfundisha kukamua, ndiye anayewaongoza. Aliniambia kwa heshima kabisa, "Chairman, sisi tunangoja tu neno yako."

Kiprono, aliposema hivyo nilikumbuka zile Jumapili za Kapkatet. Tukitoka kanisani tunaingia kwenye kile chumba cha mabati cha video, genereta inanguruma nje, na wewe unanitafsiria Kiingereza cha wale wakubwa wa mafia. Watu wote walitazama bunduki. Wewe ulimtazama mtu anayekaa kando ya bosi.

Unakumbuka tulivyowapa majina? Mzee Miwani alikuwa haongei kabla hajamgeukia mshauri wake, yule mwenye upara, na mwenye upara alikuwa na ruhusa ya kusema hapana mbele ya watu wote. Mzee hakununa. Ulisema yule mshauri alifaa kwa sababu hakutaka kiti cha mwenzake. Halafu Bwana Kelele. Mimi nilimpenda Kelele, sikatai, na wewe ukanicheka njia nzima ya kurudi nyumbani ukisema nimependa koti lake. Mshauri wa Kelele alikuwa binamu yake, anacheka kabla mzaha haujaisha. Siku moja Kelele akasema mezani tu kwamba amechoka na mtu fulani, na asubuhi yule mtu akaokotwa amekufa. Kelele akashangaa kweli kweli, akauliza nani aliyewatuma. Ulinigeukia pale gizani ukaniambia, "Umeona? Mkubwa hana haki ya kusema amechoka."

Wa tatu tulikuwa hatumheshimu sana, yule Kijana wa Tai aliyerithi kiti cha baba yake. Hakuwa na mshauri, kwa hiyo alimuuliza kila mtu, mpaka dereva, na akafuata aliyeongea mwisho. Wewe ulisema huyo ndiye wa kuogopwa kuliko Kelele. Nilibisha. Nilisema mtu anayeuliza hawezi kuwa mbaya.

Jana nilikuwa yeye. Niliwauliza wazee, wakasema sheria ni sheria. Nikamuuliza mchungaji, akasema tusamehe, lakini akaongeza kwamba jamii ikivunjika ni mbaya pia. Nikamuuliza karani wa mizani, mtu ambaye hana hata mche mmoja wa chai. Mwisho nikawaambia vijana nitawajibu kesho, nikidhani nimetumia busara. Leo mchana nimesikia mapanga yakinolewa kwa akina Kibet. Kunyamaza kwangu wamekuhesabu kama ndiyo.

Ungekuwepo ungeomba maombi. Hakuna aliyewahi kugundua huo mchezo wako. Mkutano ukichemka unasimama, "Mwenyekiti, tusiendelee bila kumshirikisha Mungu," unamchagua Mama Rebecca kwa sababu anaombea mpaka mataifa ya mbali, na watu wakiwa wamefumba macho wewe unaninong'oneza sikioni niliyokosea. Tukisema amina tayari nina akili nyingine. Jana nilijaribu. Mama Rebecca aliomba vizuri sana, na mimi nikasimama pale nimefumba macho nikingoja, na sikioni hakukuwa na kitu. Nililia, Kiprono. Walidhani ni Roho.

Nimekukasirikia pia, nikuambie ukweli. Nilikuomba uwe makamu ukakataa, ukasema unatosha kukaa kando. Sasa umeniachia kiti na hukumwachia mtu yeyote ile kazi ya kunikatalia.

Esther alikuja asubuhi. Hakuomba msamaha. Alisimama mlangoni akasema, "Shemeji, nimebaki na hawa watoto peke yangu. Ungekuwa ni wewe ungefanya nini?" Kisha akaniambia niwasalimie nyumbani, akaenda. Ninaogopa hata sasa. Nikiwakataza vijana, nitakuwa nimevunja neno la kokwet, na wanaweza kwenda bila mimi. Nikinyamaza, watakata, na mche uliokatwa hivyo utakaa muda mrefu kabla haujampa mtu hata kikapu kimoja. Sijui la haki ni lipi. Nimekaa hapa tangu saa nane nikipanga maneno ya kusema na yote yananukia koti la Kelele.

Lakini kuna jambo moja hatukuliona, hata wewe. Miwani, Kelele, yule Kijana, tuliwapima kwa namna wanavyosikiliza na wanavyoamuru. Katika sinema zote zile hakuna bosi hata mmoja aliyekwenda mwenyewe. Alikaa, akasema au akanyamaza, na wengine wakaenda.

Kwa hiyo sitatuma neno. Kesho kukipambazuka nitabeba kikapu cha mke wangu, niingie katika chai ya Esther, mistari ya juu inayoonekana kutoka barabarani, nianze kuchuma. Mwenyekiti aliyetangaza watu wasichume. Watanivua cheo, na wana haki. Kibet akija na wenzake atanikuta kati ya miche, na itabidi aamue yeye mwenyewe kama atakata akinizunguka.

Huenda nimekosea. Nakuahidi tu kwamba sitatoka humo mpaka waondoke, au mpaka wanitoe. Lala salama, ndugu yangu. Nikikosea, hakuna wa kuniambia.

Wako,
Joel