Nguzo ya Latvia Iliyozama Chini ya Sifuri

Eevi, uko wapi?? Nimejifedhehesha mbele ya Walatvia wote na bado nacheka, mashavu yananiuma!

Si unajua leo tulikuwa na kikao nao mjini Valga, mpakani, kulinganisha uwekezaji halisi wa kigeni? Nikaonyesha chati yangu. Nguzo yetu ya Estonia juu ya sifuri, inang'aa. Ya Latvia chini, imezama kabisa.

Basi nikamgeukia Gundars, yule mchumi wao mpole. "Pole, kaka. Vidole sita kila mguu, na bado hesabu zinawashinda?"

Vidole sita, Eevi! Ule utani wa bibi zetu kwamba Walatvia wana kidole cha ziada, ndani ya kikao rasmi! Bosi wangu Urve akafumba macho.

Gundars akamalizia kahawa yake taratibu. "Dada Triinu, kwenye takwimu hizi unachukua mtaji uliotoka nchini, unatoa ulioingia. Hasi maana yake wageni wametuletea sisi. Wenu ndio umetoka."

Hasi ni nzuri. HASI NI NZURI! Dakika kumi nzima nimeringia mtaji uliotukimbia! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ngoja, sijamaliza. Akavua kiatu. Akavua soksi! Akaweka mguu juu ya kiti, mbele ya wachumi wa nchi mbili.

"Sasa hesabu hivi. Labda hapa utapatia."

Nikahesabu kwa sauti, kimoja kimoja. Vitano.

Urve akafumbua macho, akamwambia katibu, "Andika kwenye kumbukumbu. Vitano."