Makapi ya Nyanya na Kuku wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mdomo uliponza kichwa. Kikaoni Meneja aliuliza tuyafanyeje makapi ya nyanya – maganda na mbegu zinazobaki baada ya kukamua. Rundo nyuma ya kiwanda limefika dirishani, linanuka. Wenye akili wakainamia madaftari yao. Mimi nikasimama! Nikasema yakikaushwa yakachanganywa kwenye chakula cha kuku wa mayai, yana antioksidanti, viambata vya kukinga mwili: kuku anahimili joto, kiini kinakolea, yai haliharibiki upesi. Nilisoma mahali. Mahali gani, sikumbuki.

Meneja akauliza nani ana banda la kufanyia majaribio. Mimi, nikasema. Banda ni la Mama.

Nikithibitisha kabla ya mwezi kuisha, kiwanda kitanunua mashine ya kukaushia, na msimamizi wake ni mimi. Nisipothibitisha, mkataba wangu unaisha tarehe 31. Hilo hakulisema. Macho yake yalisema.

Jumatano, 5 Machi
Leo mtaalamu nimeanika makapi juu ya shuka. Lile jeupe la wageni. Sasa ni jekundu. Mama kalitazama weee, kisha kauliza kama kule kiwandani wanajua niko hivi.

Gunia nililolisahau bichi limeota ukungu. Daktari wa mifugo kasema nikimpa kuku hayo, nitamzika. Na hata yakiwa makavu ni kiungo tu: vikombe viwili kwa ndoo, basi. Nimetikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua.

Jumamosi, 8 Machi
Banda nimeligawa kwa wavu. Kuku ishirini huku, ishirini kule. A wanapata makapi, B hawapati. Herufi nimezipaka rangi mlangoni, kubwa, za kitaalamu. B imepinda.

Mimi nashinda kazini, kwa hiyo mlishaji ni Mama. Nimemfafanulia kila kitu. Akauliza B wamemkosea nani. Hakuna, Mama, hao ni wa kulinganisha tu. Akasema haya mwanangu, nimesikia. Msaidizi msikivu kuliko wote pale kiwandani!

Jumatano, 19 Machi
Viini vya A vimekolea! Rangi ya chungwa kabisa. Niliruka, nikajigonga kwenye boriti ya banda.

Vya B navyo... vimekolea. Nimevua miwani, nikaifuta, nikavaa. Kwenye ripoti nimeandika “tofauti ndogo.” Tofauti hiyo naiona mimi tu.

Jumapili, 23 Machi
Gunia la makapi makavu linaelekea kuisha. Kwa hesabu yangu lilitakiwa kufika katikati ya Aprili. Panya! Nimetega mitego miwili. Mama kaitazama mitego, kageuka haraka kurudi jikoni. Anawaogopa panya, maskini.

Alhamisi, 27 Machi
Joto la kuchemsha ubongo. Jirani kapoteza kuku sita tangu juzi. Wetu arobaini wazima wote. Nilifurahi kama dakika moja hivi, kisha nikakumbuka B walitakiwa angalau wahemeheme. Ni mtu gani anayenuna kwa sababu kuku wa mama yake wako wazima? Huyu hapa.

Mitego haijanasa kitu.

Ijumaa, 28 Machi
Naandika chooni. Sina pengine pa kujificha.

Meneja na Daktari wako uani, kwenye viti vya sebuleni. Sahani ya A wameiona. Meneja kafurahi mno, kamwambia Daktari mashine itafungwa karibu na ghala. Kisha akasema: haya, tuone B.

Nikaingia jikoni kuchukua mayai ya B. Mama akanishika mkono. Anasema B nao aliwapa. Tangu siku ya kwanza! Walikuwa wanachungulia kwenye wavu wenzao wakila, naye hajawahi kupika vyungu viwili katika nyumba yake, hata tulipokuwa watoto watano na unga kibaba kimoja. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe – ila hapa anayelia ni mwana.

Sikumkasirikia. Nilitaka, nikashindwa. Nilikula chungu hicho kimoja miaka kumi na minane.

Halafu akashusha sauti. Anasema nisihangaike, atapitia nyuma akaombe yai kwa jirani. Kuku wake wanakula chakula kilekile cha dukani, bila makapi. Yule yule aliyeshindwa kuwanyima kuku, yuko tayari kumdanganya Meneja kwa ajili yangu. Nami mwanaume mzima nikasema nabanwa na tumbo, nikakimbilia huku.

Meneja anakohoa. Daktari anauliza kama niko salama. Niko salama, nimesema.

Mama amerudi, anagonga taratibu. Yai keshalipasua kwenye sahani, kiini kimepauka kama maji ya mchele. Anataka kujua, akifika pale uani, aseme ni la nani: la B, au la jirani.