Masizi ya Treni ya Baba

Lorna mwanangu,

Pai ya nyama ipo kwenye oveni, ipashe moto saa saba. Vidonge vya baba yako ni vile vyeupe, ameze akishakula. Akitaka kupanda darini kwenye reli yake ndogo ya treni za mfano, ~~mwambie ngazi imevunjika~~ hapana, usimdanganye. Panda naye.

Asubuhi nilimkuta kwenye sinki na kile kichwa cheusi cha treni, anakisugua kwa mswaki na sabuni ya vyombo. Masizi, kutu, madoa ya chokaa, yote aliyoyapaka kwa brashi nyembamba majira mazima ya baridi ili kifanane na treni za mvuke za utoto wake, yamekwenda na maji. Baba huyuhuyu aliyekufokea ukiwa na miaka tisa kwa kukipangusa tu, eti treni safi ni treni ambayo haijawahi kufanya kazi.

Leo ananiambia, "Tazama, Doreen, kuna mpuuzi alikichafua."

Nimekwenda kwa daktari wake peke yangu. Atakachosema nakijua.

Baba akikuonyesha, usimkumbushe. Mwambie kinang'aa.

Mama