Mfuko wa Ukubwa wa Ngumi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yameacha kukusumbua, na miwani mipya unaivaa, hujaifungia kabatini ukisubiri wageni. Huku tunaendelea. Mkweo anakuamkia, cherehani uliyonipa siku ya harusi bado inakimbia bila kukata uzi, na dukani kazi hazikosekani. Barua hii tafadhali isome mwenyewe. Usimpe kaka akusomee, unaujua mdomo wake. Nina habari ya ajabu niliyoiona kwa macho yangu, na nina jambo zito la afya yangu ambalo nitakueleza kabla sijaifunga.

Nianze na la ajabu. Kuna daktari bingwa mmoja, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, ambaye kazi yake ni kuwapasua wanawake wenye saratani za uzazi. Aliniomba nimshonee mifuko ya uzazi ya kitambaa. Akanieleza kwamba kutakuwa na kongamano la madaktari na watafiti wa saratani hizo kutoka nchi nyingi, na madaktari vijana watafanya mazoezi juu ya kitambaa kwanza, kabla ya kumgusa mtu. Baba, mimi wa sare za shule na magauni ya harusi, leo naambiwa nishone kizazi! Nilikubali palepale.

Wa kwanza niliushona mkubwa kama mto wa kulalia. Nilijiambia kwamba kitu cha kubeba mtoto miezi tisa hakiwezi kuwa kidogo. Daktari alipouona alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akakunja ngumi, akaiweka mezani kwangu kati ya mkasi na chaki, akasema huo ndio ukubwa wake, na kwamba mimba ikiingia unatanuka wenyewe, mtoto akishatoka unajirudi. Niliikodolea macho ile ngumi. Wewe na mimi tumewashonea wajawazito miaka yote, tukiongeza kitambaa hapa na kupunguza pale, kumbe ndani mwao kuna kitambaa kinachojiongeza chenyewe. Nikafumua, nikaanza upya.

Siku ya kongamano nilipeleka mifuko yangu ndani ya kapu la plastiki. Wakanivika kitambulisho shingoni kama msomi. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, umejaa watu wa kila rangi, na suti nyingine, Baba, mabega yake yangekuliza. Mtafiti mmoja alionyesha ukutani picha za chembe za saratani zilizokuzwa, za waridi na zambarau, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri zingefaa kuwa khanga. Halafu akasema kila picha ilitoka kwa mwanamke mmoja. Nikaona haya, nikaanza kuzitazama kwa heshima.

Kisha daktari wangu akapanda jukwaani, akaonyesha filamu ya upasuaji alioufanya zamani. Alisema saratani ikigunduliwa mapema, ingali kwenye shingo ya kizazi, wanawake wengine wanaweza kukatwa shingo hiyo peke yake na mfuko ukabaki. Nikaiona mikono yake kwenye skrini kubwa, imevaa glavu, inakata polepole. Kile kipande kikapelekwa kwa wenye darubini, mgonjwa angali amelala, na watu wote ndani ya chumba cha upasuaji wakasimama wakisubiri. Ukingo wake ukiwa safi, mfuko unabaki. Ukiwa na saratani, mfuko wote unatolewa. Ukingo ulikuwa safi. Basi akazungusha uzi mnene mahali shingo ilipokuwa, akaukaza, ili mimba ikija isiponyoke. Ni vilevile unavyopitisha kamba kwenye kiuno cha suruali ya kulalia. Baba, sijawahi kuona mshono kama ule.

Mwishoni akaonyesha picha ya mtoto mnene ndani ya sweta la njano, mtoto wa mwanamke yuleyule. Ukumbi ukapiga makofi, mimi nikalia kama mjinga. Daktari mmoja mzee akasimama akasema yeye angetoa kila kitu kwa kila mgonjwa, kwa sababu mama aliyekufa halei mtoto. Daktari wangu hakukasirika. Alimjibu kwamba kwa wanawake wengi mzee yuko sahihi kabisa, ndiyo maana hashoni kabla hajajibiwa habari ya ukingo.

Sasa Baba, kaa vizuri. Marehemu mama angekuwapo ningemwandikia yeye, maana haya si maneno ya binti kwa baba. Lakini umewapima wanawake maisha yako yote macho yako yakiwa kwenye futi tu, na hakuna aliyekuonea aibu, nami nimeamua nisikuonee. Nilikuwa natokwa na damu siku zisizo zangu. Daktari huyu hakunijia kwanza dukani kutafuta fundi. Mimi ndiye niliyekwenda kwake hospitalini, na vipimo vikaonyesha saratani changa ya shingo ya kizazi. Aliniona nimeogopa, akaniuliza nafanya kazi gani, ndipo akaniomba ile mifuko. Nadhani alitaka mikono yangu ielewe kabla ya kichwa.

Nitapasuliwa Jumatano ijayo, kwa njia ileile. Ukingo ukiwa safi nimemwomba aniachie mfuko wangu. Ukiwa mbaya autoe wote, asiniamshe kuniuliza, kwa sababu nataka kuishi. Mkweo amekubali. Amesema alinioa mimi. Kwa hiyo nitalala bila kujua nitaamka nikiwa na kizazi au sina. Naogopa sana, Baba, na hapohapo nikiikumbuka ile mikono moyo unatulia.

Naomba uje. Nataka nikifumbua macho, wewe ndiye uniambie. Mkweo hawezi. Yule hulia kwa furaha na hulia kwa huzuni, nitamtazama nisijue lipi limetokea. Na wewe usinizungushe kama unavyowazungusha wateja ambao nguo zao hujazigusa. Sema tu umebaki, au umetolewa. Kisha unishike mkono, ukae.

Nisalimie mafundi wenzako wote hapo barazani, na uwaambie nimekuita kwa kazi ya haraka. Nakutakia safari ya salama.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Kitindamimba wako