Shali ya Mama Jukwaani

Cedar Bench, 2 Juni 1878

Mwanangu Zilpha,

Hujambo? Mume na watoto wazima? Mimi mzima, ila magoti tu. Sikukuu ya waanzilishi inakaribia, na mchezo mwaka huu nimeutunga mwenyewe: safari yetu ya kuvuka milima. Pazia tumelishona kwa maturubai ya magari yale yale ya ng'ombe. Kiingilio mshumaa mmoja. Mimi najiigiza mwenyewe. Lurena, mke wa mhunzi, ndiye anayemwigiza marehemu mama yako. Anafia mikononi mwangu, namzika, watu wanaimba.

Unajua kila nyumba hutuazima kitu cha mchezo. Niazime shali ya mama yako.

Baba yako

14 Juni

Baba, shikamoo. Huku wazima, ila mdogo ana kikohozi.

Unamzika? Lini ulimzika, baba? Nilikuwa na miaka sita, niliona yote. Theluji inaanguka, msafara unaondoka, ukamvua shali akiwa bado anapumua, ukanifunika mimi. Tukaenda zetu. Miaka ishirini na miwili nakuuliza mama alisema nini pale, unaniambia nikalale. Leo ulimi umeupata wapi?

Shali naituma. Igiza ulichofanya kweli, au usiniite mwanao tena.

Zilpha

30 Juni

Zilpha,

Marahaba. Mtoto mpe asali na kitunguu. Shali imefika.

Una roho ngumu wewe, sijui umeirithi kwa nani! Watu wanataka kulia kidogo, warudi nyumbani wakale. Nani kakwambia jukwaa ni mahakama? Namzika, basi. Usije.

Baba yako

2 Agosti

Mwanangu,

Sijui kama hamjambo, hujajibu.

Nilifika penye kuzika. Lurena kalala, watu wameshatoa vitambaa. Nikaiona ile shali mabegani mwake, mikono ikaenda yenyewe. Nikaivua. Lurena akaninong'oneza, "Wee Alpheus, bado wimbo!" Nikaikunja, nikatoka nayo jukwaani.

Hakuna aliyepiga makofi. Siku hizi nikifika kisimani, kila mtu anakumbuka kazi nyumbani. Mhunzi anampigilia farasi wangu viatu vya chuma bila salamu. Na wao waliacha watu wao kwenye theluji ile ile, Zilpha! Kosa langu ni kuwakumbusha. Mchezo wameufuta, na mwakani watapiga ngoma tu.

Umeridhika?

Uliuliza mama yako alisema nini. Alidhani namtengenezea shali vizuri. Alisema, "Ahsante, mume wangu. Nisubirini kidogo tu, naamka."

Baba yako